Samaki Watano, Watoto Wanne

Harufu ilinipokea mlangoni kwa Bwambale kabla yeye mwenyewe hajatoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Nilikuwa nimetoka Bwera asubuhi kwa shughuli moja tu, mguu mmoja umekufa ganzi kwa kukaa vibaya garini, na nilipovua viatu pua yangu ikashtuka. Chumvi. Jiwe bichi. Na kitu kama kitambaa kilicholoweshwa kwenye ndoo kikasahauliwa siku mbili. Macho yangu siku hizi hayanitambulishi hata padri, lakini pua bado ni ya msichana.

Nikasema, "Bwambale, umeweka samaki wa baharini humu ndani."

"Mama! Umejuaje, hujaingia hata sebuleni?"

Akanishika mkono kunipeleka kuona, kama vile napelekwa kwa askofu. Kioo kilikuwa kirefu kuliko kabati langu la vyombo, juu yake taa ya buluu, ndani mawe yenye rangi ya zambarau na vitu laini vinavyopunga kama vidole. Samaki watatu. Mwanangu huyu anauza saruji ya Hima, na watu anaouziana nao huja kukaa mbele ya kioo hicho na kujipiga picha. Maji anayatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu. Samaki wanaletwa kwa ndege kutoka Mombasa hadi Entebbe, halafu kwa basi. Aliyasema yote hayo nikiwa bado nimesimama.

Mimi shughuli yangu ilikuwa Agnesi, mtoto wa marehemu dada yake. Amepata nafasi ya sekondari hapa Kasese na hana pa kulala. Nilikuwa nimemwacha kwenye duka la njia panda, amekalia sanduku lake la bati, godoro limefungwa kamba, kwa sababu sikutaka asikie jibu kama jibu ni baya. Na jibu lilikuwa baya.

"Mama, nyumba imejaa. Unaona mwenyewe."

Wako wanne katika nyumba ya vyumba vitano. Akaniletea chai, na kabla sijaimeza akasogeza kiti akauliza, "Mama, wewe ulikulia kwenye mambo ya maji haya. Niongeze wangapi? Nafikiri kumi. Kioo kinaonekana kitupu."

Nikaweka kikombe chini. Ninyi wenzangu mliokulia makambini mtanielewa kwa nini sikumjibu upesi.

Nilizaliwa kambi ya mgodi, katika lile bonde la Bulembia ambako mto hauachi kupiga kelele, na watu huzungumza kwa kupaza sauti hata wakiwa chumba kimoja. Baba alichimba shaba. Alipewa chumba katika mstari wa vyumba kumi na viwili, bati juu, saruji chini, jiko nje. Na pamoja na chumba akapewa sheria: mwanaume, mke wake, watoto wanne. Wa tano apelekwe kijijini.

Mimi ni wa tano. Na kwetu Wakonzo jambo hilo halifichiki, maana jina linalisema. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Ukimwambia mtu wa kwetu unaitwa Ithungu, amekwisha kujua kuwa wako wasichana wanne waliokutangulia. Kwa hiyo siku za hesabu sikuwa na jina.

Aliyehesabu tulimwita Bwana Kambi. Alikuwa mgeni, mtu wa soksi. Sijui niseme nini zaidi juu yake: alikuwa mtu wa soksi ndefu nyeupe hadi magotini, akiruka madimbwi yetu kama kuku aliyemwagiwa maji, daftari kwapani, askari mmoja nyuma. Alikuja baada ya king'ora cha asubuhi, bila kutangaza.

"Watu wangapi?"

"Sita, bwana," anasema baba.

"Watoke nje."

Dada zangu wanne wanasimama kwa urefu wao, mama mwisho. Mimi wakati huo niko mtoni na debe, nachota maji ya uongo. Nayajaza, nayamwaga, nayajaza, mpaka Mbambu aje kuniambia amepita.

Nilimwuliza mama kwa nini wanne. Alikuwa anasugua sufuria, akasema, "Hewa ya kambi haitoshi watu wote." Alitaka nimwache afanye kazi, basi. Lakini mimi nilishika hilo neno. Tangu siku ile, tukilala wote chini kwenye mkeka, nilikuwa napumua kidogo kidogo, nisije nikamaliza hewa ya dada zangu. Nikisikia kifua kinabana natoka nje kupumua vizuri, narudi. Mtoto ni mjinga kiasi hicho, na hakuna anayeona.

Siku moja ya hesabu askari alisimama kwenye njia ya mtoni. Nikageukia juu, kilimani, kwenye nyumba za wakubwa, kwa kuwa nilijua nyumba moja isingehesabiwa: nyumba ya mhesabu mwenyewe. Nikajibanza nyuma ya jiko lake. Dirisha lilikuwa wazi, na ndipo nilipoinusa harufu ile mara ya kwanza.

"Weye mutoto! Unatafuta nini ku dirisha?"

Mpishi wake alikuwa Mama Kavira, Mkongomani wa kutoka Butembo, mikono mikubwa, ulimi wa haraka.

"Natazama yale maji."

"Maji haina miguu, haitakimbia. Ingia. Pangusa kwanza matope."

Kioo kile kilitengenezwa na injinia wa kizungu aliyekaa nyumba ile kabla ya Bwana Kambi. Reli ilikuwa inafika Kasese siku hizo. Injinia alikuwa akiletewa maji ya bahari yenyewe kutoka Mombasa, ndani ya madebe yaliyofungwa, na mawe yaliyovunjwa baharini yakisafiri ndani ya magunia mabichi. Mawe yale yalikuwa hai. Ukikaa kimya yanafungua midomo midogo midogo, ukigonga kioo yanafunga. Injinia alipoondoka alibeba vitabu vyake, kioo akaiachia nyumba, na maagizo akamwachia mpishi.

Nikahesabu samaki. Nikahesabu tena.

"Mama Kavira, hawa wameruhusiwa watano?"

Alicheka mpaka akashika meza. Aliponyamaza akaona mimi sicheki. Akavuta kigoda.

"Sikia. Samaki moya inakula, inanya, inapumua, yote mu maji ile ile. Haiko na mto ya kubeba uchafu. Ni mawe ndiyo inafagia, lakini inafagia pole pole. Muzungu aliniambia: usihesabu samaki vile unaiona leo, hesabu vile itakuwa mukubwa. Leta moya, ngojea mwezi, angalia mawe. Mawe ikiwa na furaha, leta ingine. Na kila moya iko na shimo yake ya kulala. Shimo zikiisha, vita. Huyu kioo, batano. Wa sita anakuya na kifo."

Nikauliza, "Na hewa?"

"Na hewa pia. Weye uko na akili."

Mnaona lilivyoniingia kichwani. Kumbe mama alisema kweli. Kumbe kuna hesabu ya hewa, na wakubwa wanaijua.

Bwana Kambi akaingia mchana ule akanikuta nimeshika kitambaa. "Huyu nani?"

"Ni mutoto yangu, bwana. Ananisaidia kuteka maji ya mvula."

"Asiguse kioo." Hakunitazama usoni. Mtu anayehesabu watoto wa watu kwa kazi, hakujua kumtazama mmoja.

Tangu hapo siku za hesabu, na siku nyingi nyingine, nilikuwa mtoto wa Mama Kavira. Alinifundisha mstari. Injinia alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye kioo. Maji yakishuka chini yake unaongeza maji ya mvua, ya kawaida, hadi mstarini, usizidishe. Nilimsimulia mama, naye akashangaa kuwa watu wanafundishana jambo hilo kama siri. Mama aliolewa akitoka Katwe, alikuwa amekulia kwenye mabwawa ya chumvi. "Jua linachukua maji, chumvi inabaki," akasema. "Ndivyo tunavyoipata. Mtoto wa Katwe anajua hilo kabla ya kujua kuoga."

Bwana Kambi hakujua. Na zaidi ya kutojua, alikuwa na haraka. Wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Kampala Jumamosi moja kumchagua mtu wa kusimamia kambi zote, na yeye alikuwa amekwisha kujichagua. Akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Kioo kikubwa namna hii, samaki watano! Wageni watasema nini? Watasema mtu maskini anakaa hapa."

"Bwana, muzungu alisema..."

"Mzungu ameondoka."

Akaagiza kwa mfanyakazi wa treni. Wakaja kumi na wawili, ndani ya mifuko, mifuko ndani ya madebe, wengine wa njano, mmoja wa buluu kama wino. Akawamimina wote siku moja. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile kabla wala baada, na nimekuwa nikimdharau mtu yule miaka yangu yote.

Nilikaa na pua kwenye kioo nikisubiri wafe. Hawakufa. Kesho yake hawakufa. Siku ya tatu nao wako, kumi na saba, wanazunguka. Mama Kavira alitikisa kichwa akisema bado, ngojea, mimi sikumsikia. Nilikuwa napiga hesabu yangu. Kama wa sita hakuleta kifo, wala wa kumi na saba, basi hewa ipo. Basi sheria ya wanne ni uongo, au wakubwa wamekosea, na mtu akiwaonyesha wataifuta. Usiku ule nililala katikati ya dada zangu nikavuta pumzi nzima, ya kushiba.

Asubuhi ya hesabu sikwenda mtoni. Mama alinisukuma na debe, nikaliweka chini. Bwana Kambi alipofika nikatoka na dada zangu nikasimama mwisho wa mstari, baada ya Mbambu, mahali pangu. Sura ya mama sitaki kuielezea.

"Na huyu?" Bwana Kambi akaninyooshea kalamu. Nilikuwa nimechota maji ya kioo chake jana yake tu. Hakunitambua. "Jina lako?"

"Ithungu."

Askari, aliyekuwa mtu wa kwetu, akaangua kicheko. "Afande, hawa watano! Ithungu hazaliwi mpaka wanne wametangulia. Mzee huyu amekuwa akituchezea."

Baba akatazama viatu vyake. Nikaona nimsaidie. Nikasema, "Bwana, nafasi ipo. Samaki wako ni kumi na saba na hawajafa."

Watu wa chumba cha kumi na mbili walitoka kutazama.

"Nani amekuambia habari za samaki wangu?" Hakungoja jibu, akaandika. "Jumapili awe ameondoka. Yeye, au ninyi nyote na chumba."

Baba alikuwa na miaka mingi chini ya mlima ule. Akachukua kofia yake akaenda mgodini.

Mchana ule mama hakunichapa. Angenichapa ningeelewa. Nikapanda kilimani kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, nikamkuta Mama Kavira anagombana na tajiri wake. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari mwekundu, naye Bwana Kambi amekataza maji ya mvua.

"Unapunguza bahari yangu ukali! Bahari ni chumvi. Katwe ni hapo tu, chumvi tele, weka chumvi."

"Bwana, chumvi iko tayari ndani, haikutoka..."

"Weka!"

Akaimimina mwenyewe, chumvi ya Katwe, ile ya kijivu yenye mchanga, tunayowalambisha ng'ombe. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Kufikia kesho yake samaki walikuwa juu wote, midomo nje, wakigombea hewa. Walikuwa wakipumua kidogo kidogo. Nilikuwa nazijua pumzi zile. Yule wa buluu alikuwa amepasuliwa mapezi na wa njano wakigombea shimo. Mawe yalikuwa yamefunga midomo yote.

Ijumaa walianza kulala ubavu. Bwana Kambi alipiga magoti mbele ya kioo na kichujio cha chai, soksi zake zimelowa, akimvua aliyekufa mmoja mmoja na kumweka kwenye sahani kama anayepakua chakula.

"Kavira! Watabaki wangapi?"

"Uliza uyu mutoto. Iko anajua hesabu kunipita."

Ndipo akanitazama. Ni mara ile moja tu katika maisha yake. "Wewe. Wewe si wa ule mstari? Yule wa tano?"

"Ndiyo, bwana."

Wageni walikuwa wanafika kesho. "Wabaki wangapi?"

"Watano. Na chumvi itoke."

Tulifanya kazi hadi jua lilipozama nyuma ya mlima. Stoo kulikuwa na madebe manne ya maji ya injinia, yamefungwa bado. Tulitoa maji machafu nusu, tukatia yale. Waliokuja kwa treni tuliwatoa tukawaweka kwenye beseni, na kwenye beseni wakafa. Katika watano wa zamani mmoja naye alikufa. Wakabaki wanne.

Jumamosi wakubwa wakaja na matumbo yao. Mimi nilikuwa mlangoni na Mama Kavira, nimeshika sinia ya glasi, nimevaa gauni la Mbambu. Mmoja akauliza mbona kioo kikubwa na samaki wachache.

Bwana Kambi akaweka mkono kifuani. "Watu wengi hukosea hapo, mzee. Wanajaza. Mimi najua kiasi. Siri yote ni kuhesabu."

Wakasifu. Mmoja akasema, "Mtu wa namna hii ndiye wa kupewa kambi."

Nilisimama na sinia ile nikimngoja. Nilidhani, kwa kuwa amejifunza, sasa atanigeukia aseme na wewe ubaki. Mikono ikachoka. Alichukua glasi kwenye sinia yangu, akanywa, akairudisha.

Jumapili baba alinipandisha kwenye lori linalokwenda Bwera, kwa nyanya yangu, na gunia lenye nguo zangu. Shule ilibaki kambini na dada zangu; mimi kusoma nilijifunza kwa katekisimu na kwa barua zao. Dereva akiwa bado anajaza maji ya injini nilimwuliza baba, "Ni kweli hewa imekwisha?"

Hakunielewa. Nikamweleza. Akageuka akatazama upande wa mto.

"Hakuna mambo ya hewa, Ithungu. Nililiona lile daftari siku moja, alipolifungua kwenye goti. Kila chumba kimechorewa ukurasa. Mahali pa watoto pamechorwa mistari minne."

"Basi achore wa tano."

"Nilimwambia," baba akasema. "Alisema utaharibu ukurasa."

Lori likaondoka. Nimezaa, nimezika, nimewaona wakubwa wa kila aina wakipita na madaftari ya kila aina, na hakuna hata mmoja aliyenitisha tena, kwa sababu namwona mtu na soksi zimelowa.

Chai ilikuwa imepoa. Bwambale alikuwa bado ananingoja, simu mkononi, tayari kuwaagiza kumi.

"Mama? Kumi ni wengi?"

"Kumi ni upumbavu," nikamwambia. "Hao watatu bado watoto. Ngojea wakue ndipo uone walivyo wakubwa. Ongeza mmoja, ukae mwezi mzima ukiyatazama mawe. Yakipendeza, ongeza mwingine. Hapo umefika mwisho, hata aje nani na mfuko. Na maji yakipungua tia maji matupu. Chumvi haiendi popote."

"Wawili tu? Na kioo chote hiki?"

"Wanakula humo na wananya humo. Wewe ungependa?"

Akacheka. Mimi nikainuka, nikaanza kutembea ndani ya nyumba yake nikifungua milango. Chumba chake na mkewe. Watoto, mmoja hapa, mmoja pale. Cha nne, kitanda cha wageni kimetandikwa vizuri, na juu yake nguo za kupigwa pasi. Cha tano kilikuwa na ndoo, mabomba, madumu, katoni za chumvi hadi dirishani. Harufu ilikuwa inatoka humo.

"Humu analala nani?"

"Mama, hapo ni vitu vya samaki."

"Nimeuliza analala nani."

Mkewe alikuwa ametoka jikoni, amesimama, niliona anang'ata mdomo asicheke.

Nikaokota katoni ya kwanza nikaitoa ukumbini. Ni nzito, chumvi ile. Nikarudi nikaokota ya pili.

"Mama, ngoja. Mama, tungezungumza kwanza."

"Zungumza," nikamwambia. "Na huku ukizungumza, mpigie boda wako yule unayemwamini. Kuna msichana duka la njia panda, amekalia sanduku la bati tangu saa tatu. Ana godoro lake mwenyewe."

Akasimama pale na ile simu. Kwenye kioo nyuma yake samaki watatu walikuwa wanazunguka, kila mmoja kwenye jiwe lake. Nikampa ndoo ashike, akashika.